Cheti cha Kati

Inspekta alifika kituoni akakuta mambo yameiva mpaka yameungua. Fundi alikuwa ameshasaini.

Karatasi ililala mezani, kalamu juu yake. Fundi mwenyewe alikaa upande wa pili wa meza, mikono kaibana katikati ya magoti kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya wageni. Alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali kuu, mwembamba, wa makamo, mtu wa kueleza jambo mpaka msikilizaji aombe po. Jana tu alimweleza Inspekta kwa nini taa ya chumba kile inapepesa, na hakuna aliyemuuliza.

"Nani kakuletea hii?"

"Mkuu wako. Nimesema mwenyewe, afande. Hakunishika mtu mkono."

Inspekta akaisoma kwa sauti. "'Niliitega seva ya benki ya damu ijivunje yenyewe Jumamosi mchana nikiwa mazikoni, ili nisishukiwe.'" Akaiweka chini taratibu. "Jumamosi mchana ulikuwa unamzika mjomba wako. Watu wote makaburini walikuona umeshika koleo. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kukutolea humu, na wewe umekichukua ukajifungia nacho."

"Nimeshasema."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kibaya. Zahanati za pembezoni huomba damu kwa tovuti ya hospitali, kwa simu zilizogawiwa, na bila ombi kupita kwenye mfumo hakuna chupa inayotoka. Jumamosi ile nesi wa zahanati moja alikuwa na mama aliyetoka kujifungua, damu haikatiki. Simu ikakataa kufungua tovuti. Nesi akabonyeza, akazima, akawasha, akabonyeza tena. Akaipigia benki ya damu simu ya kawaida, akaambiwa alete ombi kwenye mfumo. Mama yule alikata roho kidole cha nesi kikiwa bado juu ya kioo.

Asubuhi yake mkurugenzi wa hospitali akatamka neno "hujuma", na neno likanasa. Siku chache kabla, Fundi alikuwa amekwaruzana naye ukumbini akasema, mbele ya wafagizi na madaktari, kwamba siku akiondoka yeye watalia. Sasa watu walikuwa wanalia, na kila mtu alimkumbuka aliyesema.

"Haya," Inspekta akasema. "Uliitegaje?"

"Kwa amri ya saa."

"Amri ya kufanya nini?"

"Ya kuvunja."

"Kuvunja nini?"

Fundi akatazama taa inayopepesa.

"Taa ya watu umenieleza mpaka nikaota nyaya," Inspekta akasema. "Mtego wako mwenyewe unanipa maneno mawili."

Kisha Fundi akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutouliza: "Simu ya nesi ilisema nini hasa?"

Inspekta alikuwa ameshanyanyuka. Akakaa tena.

"Kwani hujui?"

"Maneno yenyewe. Yale yaliyotokea kwenye kioo."

"Muunganisho si salama. Aliyetoa cheti hajulikani."

"Na kompyuta za ofisini?"

"Zinafungua. Mkurugenzi kafungua mbele yangu, kale kakufuli kamekaa pale juu, kamefungwa vizuri. Ndiyo maana anasema uliwalenga wa zahanati kusudi."

Fundi akashusha pumzi ndefu. "Cheti cha kati," akasema polepole, kama mtu aliyezunguka nyumba nzima akitafuta funguo akazikuta mfukoni mwake. Halafu akafunga mdomo, lakini alichelewa.

"Rudia."

"Si kitu."

"Zahanati mpaka sasa zinaomba damu kwa kupiga simu, na simu hazipokelewi. Seva nimeizungushia utepe kwa mikono yangu ili mtu asiguse ushahidi. Kama kuna kitu cha kurekebisha kule, sema, nitakata utepe."

Hapo Fundi akalegea. Kumwambia mtu yule kuna mashine imeharibika na yeye anyamaze, hilo lilikuwa nje ya uwezo wake.

"Chukulia simu ndiyo mwenye nyumba," akasema. "Tovuti ni mgeni. Mgeni anabisha, anatoa cheti, anasema mimi mjukuu wa mzee fulani. Mwenye nyumba anamjua babu. Simu zote zinawajua mababu, wale wadhamini wakubwa, wamewekwa ndani yake toka kiwandani. Ila babu hasaini vyeti vya wajukuu. Anamsainia baba, na baba ndiye anamsainia mjukuu. Kwa hiyo mjukuu anatakiwa aje na baba yake. Huyo baba ndiye cheti cha kati. Kwenye seva yetu anawekwa kwa mkono, faili lake chini ya faili la tovuti. Ukimsahau, mjukuu anabaki mlangoni anaapa mimi wa ukoo huu, na hakuna wa kumsemea."

"Mbona ofisini anaruhusiwa?"

"Kompyuta zile zimeshamwona baba huyo kwenye tovuti nyingine. Zinamkumbuka, zinajijazia zenyewe. Ndiyo ubaya wake, afande. Aliyeweka anajaribu kwa kompyuta, anaona kila kitu kimekaa sawa. Anakwenda zake kupika."

Inspekta akaikunja karatasi ya maelezo. "Umesaini kosa kwanza, ndipo ukauliza kosa lenyewe ni lipi. Umelijua sasa hivi, hapa, nikikutazama."

Fundi akaisogeza kalamu mbali naye.

"Unamficha nani?"

"Mrudisheni baba mahali pake. Faili lilikuja kwa barua pepe pamoja na lile jingine, kutoka kwa watoa vyeti. Ni kazi ya kupepesa jicho. Mimi niacheni." Akainama. "Niache, dada yangu."

Mpaka hapo alikuwa akimwita afande.

*

Mkuu wa upelelezi aliitwa Mhuri, nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine mbele yake, maana hakuna kitu alichokipenda kama kugonga mhuri jambo likaisha. Inspekta alimkuta ofisini anapuliza chai.

"Hakujua kilichoharibika mpaka nilipomwambia," Inspekta akasema.

"Kajifanya."

"Kujifanya ili iweje? Ameshakiri."

"Ndiyo nakuuliza wewe, ameshakiri, unahangaika na nini?" Mhuri akaonja chai, ikamchoma. "Sikiliza, binti yangu. Kumbukumbu za seva zinasema aliyeingia Jumamosi aliingia kwa jina la nani?"

"La Fundi."

"Kutoka wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Na neno la siri anajua nani?"

"Yeye tu. Ndivyo alivyoapishwa."

"Basi. Kaacha mtego nyumbani, kaenda kuzika. Yeye mwenyewe kasema. Au bado una yule mkandarasi wako?"

Yule mkandarasi, aliyekuwa anaitolea macho kazi ya Fundi, alikuwa amempotezea Inspekta muda wa kutosha. Alimfuatilia mpaka ofisini kwake, akakuta mtu ambaye neno la siri la simu yake mwenyewe anamuuliza mkewe.

Kumbukumbu yake ilipofika hapo, kwenye neno la siri na mke, Inspekta akasimama wima.

"Mkuu, jalada linakwenda lini kwa mwendesha mashtaka?"

"Baada ya mlo wa mchana. Mkurugenzi anataka kuongea redioni jioni, na anataka jina."

"Nipe mpaka mchana."

"Kwani nimekunyima?" Mhuri akarudia kupuliza chai yake. "Ila uniletee kitu cha kushikika. Sitaki habari za babu na wajukuu. Ukuta huu mwembamba, nimewasikia."

*

Mke wa Fundi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yuko likizo ya uzazi. Alifungua mlango mtoto kamlaza begani, chaki ya zamani imebaki kwenye mshono wa kanga kama haijui kwamba mwenyewe haendi shule. Hakuuliza Inspekta kaja kufanya nini. Alisogeza nguo zilizoanuliwa, akamwachia kiti.

"Kala?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Sikumuuliza."

"Asipoulizwa hali."

Mtoto akacheua. Mwalimu akamfuta. Inspekta akaangalia kompyuta mpakato iliyokuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, jinsi watu wanavyofunika kitu wasichotaka kukiona.

"Jumamosi aliyeingia kwenye seva ni wewe," akasema.

Mwalimu aliendelea kumfuta mtoto pale ambapo pameshakauka.

"Alikukataza kusema?"

"Siku walipomchukua. Anafunga viatu pale mlangoni, ananiambia, mama, wewe kompyuta huijui. Mbele yao. Nikasema siijui." Akakaa kitandani. "Cheti kilikuwa kinaisha siku ile ile, na yeye yuko makaburini. Akanipigia simu. Akaniambia ingia kwa jina langu, neno la siri ni hili, fungua barua pepe, chukua cheti kipya, weka mahali pa cha zamani, washa upya. Nikafanya. Mimi si mjinga, afande, nafundisha hesabu."

"Cheti kilikuwa kimoja?"

Mwalimu akanyanyuka, akafunua kitambaa, akafungua mpakato kwa mkono mmoja. Alipopata alichotaka akaigeuza Inspekta aone.

"Yalikuja mafaili mawili. Hili la kwanza nikalifungua, jina la hospitali hilo hapo. Nikaweka. Hili la pili nikalifungua, jina si la hospitali. Kampuni, siijui, haijui hata nchi tuliyopo. Nikasema hawa watu wamekosea, wametutumia cha mtu mwingine. Mimi darasani mtoto ambaye jina lake halimo simkalishi, namrudisha kwao, maana akiumia shuleni kwangu nitasema nini? Nikaliweka pembeni."

Kweli alikuwa ameliweka pembeni. Alilifungulia kabrasha lake peke yake kwenye kompyuta, akaliandika juu: Si letu.

"Hilo ndilo la baba," Inspekta akasema.

"Baba yupi?"

Inspekta akamweleza, kwa maneno ya Fundi yale yale, mwenye nyumba na mgeni na babu. Kadiri alivyoeleza ndivyo Mwalimu alivyozidi kumkumbatia mtoto. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa anatazama skrini, kale kakufuli kadogo.

"Nilijaribu," akasema. "Nikafungua tovuti hapa hapa. Ikafunguka. Nikampigia, nikamwambia kila kitu sawa, zikeni kwa amani."

"Ndivyo inavyofanya. Kompyuta hii ilishamwona huyo wa kati mahali pengine."

"Hakuniambia ni viwili." Akaifunga mpakato. "Huyu mtu, jambo akilifanya kila mwaka anadhani dunia nzima inalijua. Chumvi ataeleza ilivyochimbwa. Hili hakuniambia ni viwili."

Mtoto akaanza kulia, naye akamnyonyesha, machozi yakimdondokea mtoto kwenye kofia. Inspekta akageukia dirishani. Nje, jirani alikuwa anapiga pasi barazani na kujifanya hasikii.

"Ukisema haya kituoni," Inspekta akasema, "kosa la hujuma linakufa. Litabaki la kuachiana neno la siri. Atafukuzwa kazi. Lakini kifungo kirefu hakipati."

"Na mimi?"

"Wewe ulikosea. Kukosea hakufungi mtu."

Alisema hivyo akiamini. Mwalimu akachukua kanga ya pili, akambeba mtoto mgongoni, mpakato akaitia kwapani.

*

Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya stoo ya mashuka, kina baridi, kinanguruma kama friji lenye maradhi. Inspekta alikata utepe wake mwenyewe. Mhuri aliegemea mlango, kaja kwa shingo upande, saa ya mlo imekaribia. Nesi wa zahanati alikuwa kwenye simu ya Inspekta, sauti imefunguliwa wasikie wote. Mkononi kule alikokuwa alishika ile simu ya zahanati.

"Nesi, jaribu kwanza kabla hatujagusa," Inspekta akasema.

"Nimejaribu tangu Jumamosi, dada yangu."

"Jaribu mara moja tena. Mkuu anasikiliza."

Wakasubiri. "Muunganisho si salama," nesi akasoma, sauti kavu. "Aliyetoa cheti hajulikani. Nimeshaihifadhi kichwani."

"Mkuu umesikia. Sasa tazama kompyuta hii." Kwenye kompyuta ya mezani, iliyokuwa pembeni ya seva, tovuti ilifunguka bila taabu. Mhuri akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa.

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kiti kilikuwa kimeshushwa chini sana, hakukipandisha. Akaandika jina la mumewe, akaandika neno la siri. Akafungua faili la cheti cha tovuti, akashuka mpaka mwisho wake, akabandika chini yake lile alilolitoa kwenye kabrasha la Si letu. Alipita kwenye mistari kwa kidole kama anasahihisha daftari la mtoto. Akahifadhi. Akawasha upya.

"Tayari," akasema.

"Nesi, jaribu."

Mngurumo wa seva ukapungua, ukarudi.

"Ngoja," nesi akasema. "Ngoja kwanza." Ikasikika sauti ya kiti kikiburutwa. "Imefunguka."

Inspekta akaisogeza simu karibu na Mhuri.

"Imefunguka, nawaambia. Fomu hii hapa. Hivi ndivyo tu? Siku zote hizi ni kitu cha kufanya hivyo tu?" Pumzi zake zikasikika. "Mama wa watu amenifia mikononi, ni kitu cha kufanya hivyo tu?"

Mwalimu akainamisha kichwa mpaka paji likagusa ukingo wa meza. Mtoto mgongoni akainama naye.

"Tutakupigia, Nesi," Inspekta akasema, akakata. Akamgeukia mkuu wake. "Umeona. Faili moja lilikosekana. Hakuna mtego wala amri ya saa. Mtu mwangalifu aliona jina la mgeni akaliweka kando. Fundi hakujua mpaka leo asubuhi, na maelezo yake ni ya uongo mwanzo mpaka mwisho, kasaini ili mkewe asitajwe."

Mhuri alikuwa anamtazama Mwalimu, si Inspekta.

"Mama," akasema kwa upole, "neno la siri la hospitali umelipata wapi?"

"Kanipa mume wangu."

"Wewe ni mwajiriwa wa hospitali?"

"Hapana, mzee."

"Na Jumamosi uliingia wewe."

"Mimi."

"Na sasa hivi umekaa hapo, hujamwuliza mtu, umeifungua."

"Mkuu," Inspekta akasema.

"Nilikwambia uniletee kitu cha kushikika." Mhuri akaachana na mlango. "Umeleta. Nina mwanamume aliyesaini kwamba alitega. Nina mke anayejua mtego uko wapi na unateguliwaje. Kompyuta zinafungua, simu za zahanati hazifungui, na anayeweza kuzifungua ni mama huyu peke yake. Wewe ungekuwa mwendesha mashtaka ungeita nini?"

"Ningeita kukosea tu. Kabrasha lenyewe kaliandika Si letu, liangalie."

"Kaliandika lini? Jumamosi, au jana mume alipokamatwa?"

"Kompyuta inaonyesha tarehe."

"Mume wake fundi wa kompyuta, binti yangu. Tarehe kwake ni nini?"

Kila alichokuwa nacho Inspekta kilikuwa kimeshatumika, na kila kilichotumika kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Alichobaki nacho ni kwamba alimwona mtu akishusha pumzi chini ya taa inayopepesa.

"Fundi atasema," akasema. "Nikimwambia mkewe ameshaeleza, atafuta maelezo."

"Afute. Aliyekiri akafuta, na mke anayemtetea mumewe. Umeshawahi kuona mahakama gani ikawasikiliza hao?" Mhuri akatazama saa yake. Uso wake haukuwa na ubaya wowote, alikuwa tu mtu mwenye njaa ambaye jalada lake limekamilika. "Mchukue. Mtoto aje naye, ananyonya."

*

Ukumbi wa mahabusu una mlango wa nondo katikati, na kila anayepelekwa upande wa wanawake lazima aupite. Inspekta angeweza kumwachia askari mwingine kazi ile. Aliifanya mwenyewe. Pale kaunta walimwambia Mwalimu afungue kanga ya mgongoni wapekue, kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa Inspekta, kalala, mdomo wazi.

Fundi alisikia hatua akasogea kwenye nondo. Alimwona Inspekta kwanza, akaona alichobeba, ndipo akamwona aliye nyuma.

"Nilikwambia mrekebishe," akasema. "Sikukwambia umlete."

Inspekta akasogea pembeni kumpisha Mwalimu.

Mwalimu akasimama mbele ya nondo. Alimwangalia mumewe kuanzia viatu visivyo na kamba mpaka ndevu zilizoanza kuota hovyo.

"Umekula?"

"Bado." Akashika nondo. "Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Uliweka chini ya la kwanza? Si juu?"

"Chini."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea zamu. "Sikukwambia ni viwili," akasema.

"Hukuniambia."

Simu ya Inspekta ikaita. Alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akapokea. Alikuwa nesi, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na kitanda kinachosukumwa.

"Dada, nina mwingine hapa, ameletwa sasa hivi. Nimetuma ombi, limepita hapo hapo. Gari la damu limeshatoka." Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. "Sikuwa na adabu pale mwanzo, nisamehe. Huyo aliyeitengeneza yuko hapo karibu? Nipe niseme naye, nimshukuru."

Inspekta akatazama upande huu wa nondo, akatazama upande ule.

"Upo, dada?"

"Nipo," akasema. "Unataka nikupe yupi?"

Nesi hakulielewa swali. Alikuwa na mgonjwa. Akasema basi, mwambieni tu ahsante, akakata. Mhudumu wa upande wa wanawake alikuwa ameshafungua mlango na anangoja, akamnyooshea Inspekta mikono apewe mtoto.